Habari za Marsela ni Nzuri Tu

Dada yangu Marsela alipotuambia kwamba anatafuta bima ya kuja kututembelea, nilikasirika, na nilimwambia hapo hapo kwenye simu. Mtu anakata bima ya gari, anakata bima ya duka lisije likaungua. Sasa bima ya kuja Misunkumilo kwa mama yako mzazi ni ya nini, kwani sisi tunang'ata?

Mimi ni Danford, mdogo wake. Nauza spea za pikipiki pale Shanwe, hapa hapa Mpanda, na hasira zangu ziko karibu, hilo wateja wangu wote wanalijua. Marsela ndiye wa kwanza kuzaliwa, mimi ndiye wa mwisho, na wa katikati Mungu aliwachukua wangali wadogo. Mama yetu, Yustina, ni mtu wa Mpimbwe, na mpaka leo anaamini kwamba mchele unaolimwa nje ya Mpimbwe ni chakula cha kuku. Marsela alikuwa muuguzi msaidizi kwenye zahanati kwa miaka kumi na miwili. Akasikia kwamba Kanada wanatafuta watu wa kutunza wazee, akajaza fomu bila kumwambia mtu, na sisi tulijua kwamba hatanii siku alipokuja na tiketi. Sasa ana miaka mitatu kasoro miezi kwenye mji unaoitwa Winnipeg, ambako anasema baridi inagandisha kope. Anawaogesha wazee, anawalisha, na kila asubuhi anawauliza maumivu yao ni ngapi kwa kumi.

Kila Jumapili, sisi tukiwa tumetoka misa na yeye ndiyo kwanza anaamka, alimpigia mama. Mazungumzo yao nimeyasikia mpaka nayajua kwa moyo. Shikamoo mama. Marahaba, habari za huko? Nzuri. Za kazi? Nzuri. Za afya? Nzuri, namshukuru Mungu, na nyie je? Sisi wazima. Kwa mama yangu, kujibu salamu kwa ubaya ni kumtwisha mwenzio mzigo kichwani kabla hajakupa kiti. Hata anayekuja kwetu kutangaza msiba atasema nzuri kwanza, atakaa, atapewa maji, halafu ndiyo atasema "ila". Hiyo "ila" ndiyo inayobeba habari yenyewe. Kwenye simu ya kutoka Kanada haikuwahi kufika, maana kila mmoja alikuwa na haraka ya kumfurahisha mwenzake.

Na upande wetu pia ilikuwa hivyo hivyo. Jicho la kushoto la mama lilikuwa limeanza kumsumbua tangu mvua za mwaka jana. Alikuwa anatia chumvi mara mbili, anageuza kichwa kizima kumtazama mtu aliye kushoto kwake, na uzi wa sindano ananipa mimi nitunge. Nilipotaka kumwambia Marsela, mama alinikataza kwa sauti ile ambayo hairudiwi. Basi nikawa nasema sisi wazima.

Hiyo bima ilimchukua wiki tatu. Kadi yake ya matibabu ya Kanada, alinieleza, akishapanda ndege ni kama imebaki mezani jikoni, kwa hiyo lazima anunue bima ya safari yenye matibabu ndani yake. Jioni zake alizimaliza akijaza maswali kwenye kompyuta na kunisomea mengine kwa simu, nasi tukicheka. Je, katika safari yako utapanda milima kwa kamba? Utazamia baharini? Utashiriki mashindano ya magari? Hakuna mahali walipouliza kama atakula kwa Mama Yustina siku ishirini na moja mfululizo. Laiti wangeuliza.

Tulipofika kwenye maswali ya magonjwa alikoma kunisomea. Nilimshauri aandike kwamba hana ugonjwa wowote, atalipa kidogo. Akasema hapana, hawa ukiwadanganya kwenye fomu, siku ya shida wanakufungulia fomu yako. Nikamuuliza ana ugonjwa gani basi wa kuandika. Akasema ni mambo madogo madogo, tuyaache. Safari ilikuwa ya mwezi wa tano, akaisogeza hadi wa saba. Kazini wamemnyima likizo, alisema, nami nikawatukana waajiri wake kwa siku mbili bila kosa lolote.

Alitua Mpanda mchana wa Jumatano, amenenepa kidogo, amevaa koti ambalo alilivua kabla hajamaliza ngazi za ndege. Nilikuwa nimeosha pikipiki yangu mpaka matairi. Akanikumbatia, akalia, akaitazama pikipiki, akasema atapanda bajaji. Bima yake haitambui pikipiki. Nimeuza spea za pikipiki miaka tisa, na siku hiyo nilipita Shanwe yote nikiongozana na bajaji iliyombeba dada yangu, watu wakiniuliza kama nimekosana naye.

Shingoni, pamoja na rozari, alikuwa amening'iniza kadi ndogo ya plastiki yenye namba ya simu ya kampuni ya bima. Mama aliishika, akaisogeza upande wa jicho lake zima, akauliza kama ni ya chama gani cha kanisani. Marsela akaeleza taratibu. Mama akafikiri.

"Kwa hiyo umelipia kuumwa," mama akasema, "kabla hujaumwa."

"Nimelipia isije ikatokea, mama."

"Sasa ikitokea si utakuwa umeiita?"

Tukaenda kula. Nasi tulikula kwelikweli. Wali wa Mpimbwe, kuku wa kuchemshwa na kisha kukaangwa, samaki wa ziwani, migebuka, walioletwa kutoka Karema, kisamvu cha karanga, maharage yenye mawese yanayong'aa juu. Ndugu wa Kasekese walileta mbuzi. Kila aliyekuja alileta kitu, na kila kilicholetwa kilipikwa siku hiyo hiyo, maana mgeni wa kutoka mbali kumwekea kiporo ni aibu. Marsela alikula kila alichopewa kwa sababu mama alikaa mbele yake akimwangalia.

Siku ya kumi na moja akaanza kushika mbavu za kulia. Mama akamuuliza ana nini, akasema amelalia upande vibaya. Siku ya kumi na mbili hakumaliza sahani, akasema ni joto. Ya kumi na tatu, saa nne asubuhi, alikuwa ukumbini anachambua mchele na mama, akalaza ungo chini polepole, akajikunja juu ya mkeka na kutapika. Mwili ulikuwa wa moto. Nilitoka dukani bila kufunga mlango.

Hospitali ya mkoa walimpokea vizuri, sina lalamiko. Daktari, mtu mpole anayeitwa Dieudonne, alimpima kwa mashine ya picha na kutuita pembeni. Kifuko cha nyongo kina mawe, kimevimba, na kuna dalili za maambukizi. Upasuaji kama huo wanaufanya hapa hapa, alisema, ila presha ya dada yenu iko juu na kipimo cha moyo hakijampendeza. Angependa akapasuliwe hospitali ya kanda, Mbeya, penye daktari wa moyo karibu, na gari la wagonjwa liondoke kesho alfajiri. Kuchelewa zaidi ya hapo hakutaki.

Sheria ya bima ilikuwa moja na Marsela aliikariri hata akiwa na dripu mkononi: piga simu kwanza, wakubali, ndipo uhame. Ukihama kwanza, ni juu yako. Juu yako maana yake ilikuwa mpunga wote wa mama na duka langu, na hata hivyo sijui kama vingefika. Mimi ningeviuza. Lakini kuviuza kunataka siku, na siku daktari hakutupa.

Saa tisa alasiri nikapiga, nikaweka spika, simu nikailaza juu ya shuka. Akapokea kijana mwenye sauti laini, anayezungumza Kiingereza cha haraka. Marsela Kiingereza anakijua, kazi yake yote ni hicho, lakini homa ilikuwa imekifuta. Akaomba mkalimani. Muziki ukapigwa kidogo, halafu ikaingia sauti ya mwanamke, Kiswahili chake cha ng'ambo ya ziwa, akajitambulisha kwa jina la Joséline.

"Jambo dada Marsela. Huyu afisa anakusalimia, anauliza habari ya afya yako leo."

Mama alikuwa amekaa kichwani pa kitanda, ameshika mkono wa binti yake.

"Nzuri tu," akasema Marsela. "Namshukuru Mungu."

Joséline akatafsiri vile vile. Afisa akauliza kama ana maumivu. Kidogo, akasema Marsela. Na tangu afike hospitali, je, anajisikia afadhali? Ndiyo, afadhali, wananihudumia vizuri. Nilitaka kuingilia, afisa akasema kwa heshima sana kwamba anahitaji maneno ya mgonjwa mwenyewe. Nikasikia vidole vyake vikigonga kwenye kompyuta. Kisha akasema kwamba kwa maelezo ya mgonjwa hali si ya kuhamishwa, aendelee na matibabu hapo alipo, na hali ikibadilika tupige tena. Akatutakia siku njema.

Mama akauliza wamesemaje. Nikamwambia tatizo ni kwamba wamemwamini.

Nilitoka nje nikaupiga ukuta wa wodi teke, na ukuta ulishinda. Dada huyu kila siku anawauliza wazee wa watu maumivu yao ni ngapi kwa kumi, naye akiulizwa anasema nzuri. Nilirudi ndani na hasira zangu zote, nikamkuta amefumba macho na jasho linamtiririka hadi shingoni, kwenye ile kadi. Nikamwuliza tu kwa nini.

Akasema hajui. Kama angeulizwa kwa Kiingereza angejibu vizuri, lakini aliulizwa kwa Kiswahili, akaitwa dada, na mama yuko hapo. Ulimi ulienda wenyewe.

Aliyetuokoa ni Daktari Dieudonne na mashine yake ya kuskani. Alikuwa ametuma ripoti kwenye baruapepe ya bima tangu saa nane, na ilisomwa sisi tukiwa tumeshakata simu. Sasa wakawa na karatasi mbili: ya daktari inasema mgonjwa ana hali ya hatari, ya kwao wenyewe inasema mgonjwa hajambo. Hawakujua waamini ipi. Saa kumi na moja simu ikaita, wamepiga wao, kijana yule yule na Joséline yule yule.

Marsela akaniomba nimtoe mama nje, nimpeleke akanywe uji. Nilielewa. Mama naye alielewa, akaushika ukingo wa kitanda.

"Siondoki," akasema. "Mimi ndiye niliyemzaa."

Afisa akaanza tena na salamu, na nikaona midomo ya Marsela ikijipanga kusema lile neno. Lakini Joséline akamwomba afisa dakika moja amwelekeze mgonjwa. Akatwambia sisi, pole pole.

"Dada, mimi natafsiri yenye unasema, siruhusiwi kuongeza hata kitu. Ukisema nzuri, nitasema nzuri. Na mimi mama yangu ananipigia kila wiki, najua nzuri yetu iko namna gani. Hapa usimjibu mtu. Jibu karatasi."

Afisa akauliza: maumivu ni ngapi, kutoka moja hadi kumi?

Marsela akamtazama mama, kisha akatazama dari.

"Tisa," akasema.

Maswali yakaendelea, naye sasa alijibu yote, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Yalianza lini? Leo siku ya tatu. Kwa nini hakwenda hospitali siku ya kwanza? Hakutaka kumtia mama hofu. Ana presha? Ndiyo, tangu mwaka wa kwanza kule. Dawa zimebadilishwa? Ndiyo, mwezi wa nne, ndiyo maana alisogeza safari, kampuni ilitaka dawa zikae miezi mitatu bila kubadilishwa. Yote aliyaandika kwenye fomu, waangalie. Nikawakumbuka waajiri wake niliowatukana bure.

Amewahi kulazwa ndani ya miaka miwili iliyopita?

"Ndiyo. Mara moja, siku tatu. Nilianguka kazini nikazimia. Ilikuwa Pasaka ya mwaka jana."

Nani alikuwa naye?

"Hakuna mtu."

Joséline akatafsiri mpaka hapo. Afisa akashukuru, akasema amepata alichohitaji, atapiga ndani ya saa moja. Simu ikakatika. Nje wauguzi walikuwa wanabadilishana zamu na kutaniana.

"Pasaka," mama akasema. "Ulinipigia. Nikasikia watu wengi wanaongea, nikakuuliza, ukasema uko kwenye sherehe ya kanisa."

"Ilikuwa wodi, mama."

"Nikawaambia jumuiya nzima kwamba binti yangu amepata watu wa kusherehekea nao."

Mama hakulia. Alitoa kitambaa akamfuta Marsela jasho shingoni, akaikausha na ile kadi, pande zote mbili, akairudisha mahali pake juu ya rozari. Mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Watu wasiotujua, wanaokaa upande wa pili wa dunia, walikuwa na karatasi inayomjua dada yangu kuliko sisi. Na sisi tulikuwa tunaongea naye kila Jumapili.

Saa haikuisha, ujumbe ukaja kwamba wamekubali, gari na hospitali na upasuaji. Alfajiri waliondoka kupitia Sumbawanga, mama akiwa mbele na dereva, kwa sababu alikataa kubaki na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumbishia. Mbeya walimpasua siku iliyofuata, wakatoa mawe kumi na moja. Mama aliomba aonyeshwe. Alipoyaona alisema hata kwenye pishi la mchele wa Sumbawanga hayafiki hayo, na hapo nikajua kwamba hofu imemtoka.

Marsela alirudi Misunkumilo akakaa wiki tatu za ziada, anakula uji na mboga za kuchemsha, jirani wakija na kuku na mama akiwarudisha mlangoni. Hilo ndilo la ajabu zaidi nililoliona mwaka huu. Mwezi wa tisa akapanda ndege. Nilimpeleka uwanjani kwa bajaji, bila kuambiwa.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo alipiga, sisi tumetoka misa, tumekaa barazani. Nikaweka spika. Shikamoo mama. Marahaba, habari za huko? Nzuri. Za kazi? Nzuri. Za afya? Nzuri, namshukuru Mungu, na nyie je? Sisi wazima. Nikadhani ndiyo yale yale, nikanyoosha mkono nichukue simu.

Mama akanizuia.

"Haya, salamu tumemaliza," akasema. "Sasa niambie kama unavyowaambia wale wa bima."

Tukasikia gari likipita kwenye barabara ya kwao.

"Kidonda ni mbili, mama, kimekauka. Presha imeshuka. Ila nikirudi kazini jioni nyumba iko kimya, simjui jirani hata mmoja. Hiyo ni saba."

"Saba," mama akasema, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima uzito. "Haya. Nimesikia. Nitakuwa nakupigia na Jumatano."

"Na wewe, mama?"

Mama akafungua mdomo. Nililiona lile neno likiwa limeshafika kwenye ulimi, limekaa hapo miaka sabini na mbili. Akageuza kichwa kizima, akanitazama mimi niliyekuwa nimekaa kushoto kwake, kisha akairudia simu.

"Jicho la kushoto," akasema. "Kumi."